Kifua cha Pili

Wito ulimkuta Breki kwenye foleni ya chai, Jumapili baada ya ibada. Uliletwa na Msimamizi wa Utume mwenyewe, mkono mmoja ukiwa na kikombe, na wa pili ukitua begani kwa Breki kwa uzito wa mtu anayewatwika wengine mizigo.

"Mzee wangu," Msimamizi alisema, "umestaafu, una afya, una mke mwema. Kanisa linatafuta wanandoa waliokomaa wa kwenda kituo cha mpakani. Mwaka mmoja na nusu tu. Nilipoomba, nikakuona wewe."

Breki hakuuliza ni akina nani walioonekana kabla yake. Walikuwa watatu. Wa kwanza alipandwa na presha ghafla, wa pili akakumbuka kwamba nyumba yake haijaezekwa, na wa tatu alifanya kosa la kumwuliza mkewe. Breki hakuwa na udhaifu wowote kati ya huo. Alikubali palepale, chai haijapoa, kwa niaba ya watu wawili.

Jina la Breki alipewa na wanafunzi wake. Alifundisha udereva zaidi ya nusu ya maisha yake, akikaa kiti cha pembeni kwenye gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na sifa yake mjini ilikuwa kwamba gari lilisimama kabla mwanafunzi hajajua kuna hatari. Mkewe alishona sare za shule mpaka macho yakaanza kugoma. Huyo watu walimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuweza kusalimiana na mtu bila kwanza kumtazama pindo la nguo.

Mama Pindo aliusikia wito wake kupitia kipaza sauti, wakati wa matangazo, kati ya tangazo la kwaya na la mwavuli uliopotea. Waumini walipiga makofi. Yeye naye alipiga, maana ukipigiwa makofi na watu wote ukabaki umeshika mkoba unaonekana una pepo.

"Ungeniuliza," alimwambia mumewe walipofika nyumbani.

"Nikuulize nini, na wewe ni mtu wa imani?"

Ni sifa nzuri, na ina faida kwamba inamfunga mtu mdomo bila kelele. Mama Pindo aliingia jikoni.

Jumatatu jioni binti yao alikuja. Aliuza dawa katika duka la karibu na stendi, na mumewe alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni wa heshima. Walikuwa wameoana miaka saba bila mtoto, na ndani ya miaka hiyo kanisa zima lilikuwa limemwekea mikono kichwani, pamoja na watu ambao mikono yao hakuitaka. Sasa alikaa kwenye kochi, akacheka peke yake, akasema, "Mama, nina mimba. Imeshapita miezi mitatu. Niliogopa kusema."

Mama Pindo alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Breki alimshukuru Mungu kwa sala ndefu, akalala na kuamka humo ndani, na alipofika amina, binti akauliza, "Sasa huo utume ninaousikia mnaondoka lini?"

"Mwezi ujao," alisema Breki.

Binti aliacha kucheka. "Nitajifungua na nani?"

Mama Pindo alifungua mdomo. Breki akauwahi. "Na Mungu, mwanangu."

"Mungu atanishika mgongo, baba? Atanichemshia maji ya kuoga?"

"Usikufuru. Waliomtumikia Mungu hawajawahi kuachwa."

"Mimi ndiye ninayeachwa, baba. Siyo nyie."

Breki alisema mimba inawapa wanawake uchungu wa maneno. Mama Pindo alikuwa ameshaanza kukadiria kwa macho kitambaa kilichobaki kabatini, kama kinatosha vijinguo.

*

Kituo cha mpakani kilikuwa na kanisa la mabati, nyumba ya vyumba viwili na tangi la maji. Mtandao wa simu ulipatikana chini ya tangi hilo tu, kwa mtu aliyesimama akiutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Breki alikipenda. Huko hakuna aliyemwita Breki. Aliitwa Mwalimu, aliwekewa kiti chenye mto, na kila Jumatano alifundisha somo alilolitunga mwenyewe na kulipa jina "Familia Kwanza".

Alifundisha vizuri, hilo lisemwe. Aliwaeleza wanaume wa pale kwamba baba lazima awepo. Alilirudia neno hilo, awepo, akiligongea meza. Mke akijifungua, alisema, mwanamume asijifiche kazini. Wanawake waliokuwa nyuma walitikisa vichwa kwa furaha. Mama Pindo, aliyekaa karibu na mlango akishona kishikizo cha shati la huyo huyo mwalimu, hakutikisa kitu.

Yeye naye alikuwa amejipatia kazi, ingawa hakuna aliyemtangazia. Aligundua cherehani mbili zimefunikwa na magunia nyuma ya kanisa, akazitia mafuta, na baada ya wiki chache wasichana wanane walioacha shule walikuwa wanakuja kila asubuhi kujifunza kukata na kuunga. Katika taarifa aliyomtumia Msimamizi, Breki aliieleza kazi hiyo kwa maneno haya: "Mama naye hajambo."

Siku ya Jumanne, mchana, simu waliyozoea kuiacha chini ya tangi ililia kwa namba ya binti. Hakuwa yeye aliyeongea, alikuwa muuguzi. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya wakati. Watoto walikuwa wawili, jambo ambalo walishalijua, na walikuwa wameshatoka, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kabla ya miezi miwili mingine. Msichana na mvulana. Wote njiti. Wote wanapumua.

"Mama mtu yuko salama," muuguzi alisema, "ila anamtaka mama yake. Anamwita kila akizinduka."

Mama Pindo alikuwa ameshaanza kufungua aproni.

"Subiri kwanza," alisema Breki. "Kuna utaratibu. Nimpigie Msimamizi."

Alimpigia chini ya tangi, sauti ikiwa juu, mkewe amesimama pembeni. Msimamizi alifurahi mno. Alisema mapacha ni baraka mara mbili. Alisema kanisa zima litajulishwa. Kuhusu ruhusa, alisikitika: mwongozo wa utume uliruhusu mtu kuondoka kituoni kwa msiba wa mtu wa karibu. Kuzaliwa hakukuwamo.

"Ni mwongozo tu, mzee wangu. Tukiruhusu kila anayepata mjukuu, vituo vitabaki na mbuzi."

"Ninaelewa kabisa," alisema Breki, ambaye maisha yake yote alielewa kabisa kila aliyekuwa na cheo.

Mama Pindo alinyoosha mkono akaichukua simu sikioni kwa mumewe. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Shikamoo, Msimamizi. Nimesikia vizuri? Mtoto akifa, ninaruhusiwa kwenda?"

"Mama yangu, usiseme hivyo."

"Siyo mimi niliyesema, ni mwongozo. Nauliza tu nielewe. Nikae hapa nisubiri mmoja afe ndipo nipande gari? Au mpaka wafe wote wawili?"

Msimamizi akasema mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya.

"Umeniaibisha," alisema Breki.

"Gari la mjini linapita saa ngapi?"

"Mama watoto, tumeapa mbele ya kanisa."

"Wewe ndiye uliyeapa. Mimi nilipiga makofi." Aliingia ndani, akajaza mfuko vijinguo vyote alivyoshona, akawaambia wasichana wake waendelee na mikono ya mashati mpaka arudi, akaenda barabarani. Breki alimsindikiza hadi mwisho wa uzio. Alikuwa na mpango wa kumwombea kwa kumwekea mkono kichwani, lakini kichwa kilikuwa kimeshapanda gari.

*

Nyumba ya vyumba viwili ni kubwa sana kwa mtu asiyejua chumvi iko wapi. Breki aliitafuta asubuhi nzima, akaipata kwenye kopo lililoandikwa sukari, baada ya kuwa ameshainywa kwenye chai. Uji wake ulitoka na mabonge mithili ya kokoto. Shati la Jumapili alilipiga pasi akaacha alama ya pasi mgongoni, safi na kamili, hivyo akalazimika kuhubiri amevaa koti kwenye joto la kuyeyusha mishumaa.

"Mama yuko wapi?" watu waliuliza.

"Ametumwa mjini kwa huduma," alijibu Breki. Ukitazama vizuri haukuwa uongo. Kasoro yake ndogo ni kwamba hakuna aliyemtuma.

Wasichana wa cherehani walikuwa wabaya zaidi. Walikuja kila asubuhi, wakasimama mlangoni, wakamwuliza, "Mwalimu, bega hili linaungwa kwa ndani au kwa nje?" Breki aliyewahi kujibu maswali ya watu wazima kuhusu dhambi ya asili alilitazama bega, akasema, "Ombeni kwanza." Wakaacha kumwuliza.

Jumatano alifundisha kama kawaida. Alikuwa amefika pale pa baba lazima awepo, mkono uko hewani kuelekea mezani, fundi matofali mmoja aliponyoosha mkono wake.

"Mwalimu, tunasikia umepata wajukuu mapacha. Hongera."

"Ahsante sana."

"Na tunasikia ni wadogo mno, wako hospitali."

"Tunawaombea."

"Sasa hili somo," alisema fundi matofali, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayeuliza vipimo, "ni la watu wote, au ni la sisi tu?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Breki alisema babu na baba ni ngazi tofauti katika maandiko. Alikuwa bado anazipanda ngazi hizo msichana mmoja wa cherehani alipoingia mbio. Mama Pindo alikuwa amepiga, bado yuko hewani, na simu iko pale chini ya tangi.

"Haloo?" alisema Breki chini ya tangi, akitweta. "Watoto wanaendeleaje?"

"Wako hai." Sauti ya Mama Pindo ilikuwa imekauka, na ilikatizwa na kikohozi chake mwenyewe. "Nisikilize, nisikatwe. Mashine za joto hazitoshi, zina watoto wengine. Wauguzi wanataka hawa wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, ndivyo wanavyopata joto na uzito. Mwanao ana kifua kimoja na watoto ni wawili. Mimi ndiye niliyekuwa kifua cha pili. Sasa nimeshikwa na mafua, muuguzi amenitoa wodini, hataki hata nichungulie dirishani."

"Na mumewe?"

"Yuko katikati ya bahari anawakaangia watu mayai. Unataka arudi anaogelea?"

"Basi nitawaambia waumini tufunge na kuomba. Leo leo."

"Baba watoto," alisema Mama Pindo, akakohoa kwanza. "Kuombewa tumeombewa vya kutosha. Njoo na kifua."

Breki alirudi kanisani. Wanaume walikuwa wanamsubiri, madaftari wazi. Alisimama nyuma ya meza ile ile aliyokuwa ameigonga, akaikunja karatasi yake ya somo. "Somo limeishia hapo," alisema. Alimpigia Msimamizi mara mbili akitafuta ruhusa, naye hakupokea, kwa kuwa kila namba ya kituo cha mpakani ilikuwa sasa inamletea mtandao mbaya. Akaondoka bila ruhusa, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye mswaki na Biblia, na moyoni ana hofu ya mwanafunzi mtoro.

*

Katika wodi ya njiti, muuguzi mfupi mwenye miwani alimpima kwa macho.

"Wewe ndiye babu? Unavuta sigara? Una kikohozi? Una vipele? Haya, nenda kaoge pale, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko na kifua chote. Ukirudi vua shati."

"Nivue shati?"

"Na fulana."

Breki alitazama wodi. Kulikuwa na wanawake pande zote, kina mama wachanga wenye magauni wazi, ambao hakuna hata mmoja aliyemjali. Mwili wake kutoka shingoni kwenda chini haukuwa umeonwa na mtu mwingine zaidi ya mkewe, na hata yeye kwa taa ndogo. Alikuwa amewahi kuhubiri dakika arobaini kuhusu mavazi ya staha.

"Sista, hakuna pazia?"

"Baba, watu wanakufa na baridi hapa, wewe unataka pazia?"

Binti yao alikuwa kitanda cha dirishani. Uso ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi, na kifuani, ndani ya kitambaa kilichofungwa kama mzigo, kilionekana kichwa chenye ukubwa wa limau kubwa. Breki alijitayarisha kwa machozi au kukumbatiwa. Alikuwa ameandaa hata sentensi, njiani.

"Umepewa ruhusa na nani?" binti aliuliza.

"Nimekuja tu."

"Mh." Alimtazama kifua chake chenye nywele za mvi zinazodondoka maji. "Kaa pale. Usiegemee sana. Utambeba wa kike, anasahau kupumua. Akisahau mkune nyayo."

Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote. Muuguzi alimlaza mtoto juu ya kifua cha Breki, akamfunga kwa kitambaa cha mtumba kilichoshonwa pindo safi mno, na hapo Breki akagundua kwamba hata kupumua anakokufanya tangu azaliwe ni kazi. Mtoto alikuwa mwepesi kupita kiasi. Alikuwa na moto kidogo na harufu ya maziwa, na mbavu zake zilipanda na kushuka juu ya mbavu zake yeye. Mara zikaacha.

Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu kwa nguvu zake zote. Ilikuwa breki ya miaka mingi, na haikusimamisha kitu. Kisha akakumbuka nyayo, akaingiza kidole ndani ya kitambaa, akakuna. Hakuna. Akakuna tena. "Mama," alisema, bila kujua anamwita nani, "mama, pumua." Mtoto alipiga chafya ndogo, akavuta hewa, akaendelea na shughuli zake.

Breki alitoa machozi mbele ya wanawake wote wale, hana shati. Binti yake aliyaona. Baadaye alisogeza kikombe chake cha maji hadi mahali ambapo mkono wa baba yake ungeweza kufika.

*

Watoto walipofikisha uzito na kuruhusiwa, Msimamizi wa Utume alikuja kuwaona, akiongozana na wazee wawili wa kanisa. Walisifu uumbaji. Walikula biskuti. Kisha Msimamizi alifuta vidole, akageukia jambo lenyewe: kituo kimeachwa wazi, utaratibu umevunjwa, lakini Kanisa ni mama, na mama husamehe. Iwapo mzee atarudi na mkewe kabla ya mwisho wa mwezi, tutasema walikuwa kwenye matibabu.

"Nani alikuwa mgonjwa?" Mama Pindo aliuliza.

"Ni lugha ya ofisi tu, mama."

Breki alikuwa na msichana begani, anamgonga mgongoni apate kucheua. Alijua alichotakiwa kujibu, na kwa kweli neno "ninaelewa" lilikuwa limeshafika kwenye meno. "Sirudi," alisema. "Binti yangu anarudi kazini Jumatatu. Nani atabaki na hawa?"

Msimamizi na wazee walimtazama Mama Pindo kwa pamoja, kama watu watatu wanaotazama saa ya ukutani.

"Msinitazame mimi," alisema Mama Pindo. "Mimi narudi kituoni. Nimewaacha wasichana wanane katikati ya mikono ya mashati. Wawili wameshapata wateja."

Biskuti ilikwama mahali fulani kwa mzee wa kushoto. Msimamizi alieleza kwamba utume ni wa wanandoa. Alieleza kwamba mke kwenda peke yake na mume kubaki kulea ni jambo geni, na watu watasema.

"Waseme," alisema Mama Pindo. "Mliitafuta kazi ya Mungu au mlitafuta picha ya pamoja?"

Breki alimtazama mkewe. Usiku uliotangulia Mama Pindo alikuwa amemwambia nia hiyo, naye Breki alikasirika mpaka hasira ikaisha, kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza kwenye foleni ya chai: "Na wewe unataka nini?" Mama Pindo alikuwa amemjibu kirefu sana. Ilionekana jibu lilikuwa limehifadhiwa.

Sasa Msimamizi alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mwerevu, na kituo kilikuwa wazi. Alisimama, akaweka mkono wake kwenye bega la Breki lililokuwa halina mtoto, akageuka kwa wazee wenzake.

"Ndugu zangu, tumwone huyu mzee. Amemtoa mke wake kwa kazi ya Bwana. Ni wanaume wangapi wanaoweza kujitoa hivi? Jumapili tutamtangaza."

Wazee walipiga makofi. Mama Pindo alicheka mpaka akakaa chini.

*

Jumatatu asubuhi Mama Pindo alikuwa ameshaondoka, na binti alikuwa mlangoni, amevaa koti jeupe la duka la dawa, anatoa maagizo kwa kasi.

"Maziwa ya kwanza saa mbili. Mvulana anacheua sana, mnyanyue. Nepi zilizokauka ziko kwenye kapu, za kuloweka kwenye ndoo. Usiwaombee wakiwa wamelala, unawaamsha."

"Najua."

"Hujui, baba. Ila utajua."

Alitoka. Breki alibaki katikati ya sebule, mtoto kila mkono, akisikiliza hatua za binti zikienda kwenye geti. Alitegemea zitasita. Wakati wote tangu hospitali, binti yake hakuwahi kutoka chumba walichomo watoto bila kugeuka angalau mara moja kuhakikisha kwamba yeye hajawaangusha.

Geti lilifunguka, likafungwa. Hatua zikaendelea barabarani, za mtu anayewahi kazini.

Mvulana alitapika ndani ya mfuko wa shati la babu yake.